Mpaka wa Parke: Aliyehama Naye Aulizwe



Parke ya Virunga iliundwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji. Amri ilitoka juu. Karne imepita, na bado watu wanagombana juu ya mipaka yake. Mwaka 2025 serikali yetu iliunda Ukanda wa Kijani toka Kivu mpaka Kinshasa, wenye zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Umeitwa hifadhi ya jamii. Basi jamii iseme.

Lakini jamii ni nani? Ninyi mashefu, msiwahesabu tu waliobaki. Yule mama anayelala kwa jamaa huko Oicha angali na shamba lake la kakao. Mkiweka alama za mpaka naye hayupo, siku ya kurudi atakuta ugomvi mahali pa shamba. Wambuti nao, wanaoishi kwa msitu, waseme kwa kinywa chao wenyewe.

Kabla ya kikao, tumeni watu kule wahamaji wanakokaa. Andikeni kila shamba, kila mto, kila njia, na majirani washuhudie. Kisha yasomwe mbele ya wote.

Nanyi wahamaji, msingoje kusema, “Tutaongea tukirudi.” Mti unaopandwa leo kuonyesha mpaka utakuwa umeota mizizi mtakaporudi.

Amani iwe kwenu.