Agosti Utakuwa Wapi?
Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanafunzi wa chuo cha ufundi



Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukiwa na miaka 18 na kitambulisho, nenda ofisi ya IEBC katika eneobunge ukajiandikishe. Hulipi chochote.

Lakini kabla ya kuweka alama za vidole, jiulize: Agosti nitakuwa wapi? Kura hupigwa katika kituo ulichojiandikishia tu. Ukijiandikisha hapa chuoni, kisha chuo kifungwe urudi nyumbani na nauli huna, kura yako imepotea. Aliyejiandikisha mbali aombe uhamisho mapema, kwa sababu usajili hufungwa kabla ya uchaguzi.

Mwaka 2022, wapiga kura walioandikishwa walizidi milioni 22. Vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 kati yao.

Tena, msingoje miaka mitano ndipo mseme. Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Basari mnazoomba hutengewa fedha humo. Wazee huja vikaoni wakaomba maji na barabara, na wana haki. Je, basari itaombwa na nani ikiwa nyinyi hampo?

Sikuja kuwaambia mchague nani. Hiyo ni siri yenu. Nimekuja kuwaomba mhesabiwe.