Shanga za Sikukuu na Mshahara wa Mikono Yako

Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa tawi huko Milimani, Nakuru, kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Tunaichapa kwa sababu wengi ambao hawakufika wameiomba.



Kamati imeniomba niseme habari ya kuuza mapambo ya mkono wakati wa sikukuu. Katibu aliniambia ya kwamba wanachama wengi wanaofanya kazi za nyumbani na za hoteli hapa Milimani wakirudi jioni huwasha taa wakakaa kutunga shanga, wakitumaini kupata pesa za Krismasi na karo ya Januari. Mimi ni mmoja wao. Mchana nafua na kupiga pasi mashuka ya watu, na usiku natunga shanga. Basi sikuja kwenu kama mwalimu. Nimekuja kama mtu aliyepata hasara akajifunza.

Naanza kwa swali. Kama mwajiri angekuja hapa leo akasema, "Nina kazi ya usiku, kazi ya macho na vidole, nami nitakulipa nusu ya mshahara wa mchana," ni nani angeinua mkono? Naona hakuna. Vema. Lakini nitawaonyesha ya kwamba wengi wetu tumekubali kazi hiyo, na mwajiri anayetulipa vibaya ni sisi wenyewe.

KAZI HII SI MCHEZO

Kwanza yafaa tujue ya kwamba kazi hii ni ya heshima, na ni ya kale sana katika Bonde letu la Ufa. Katika pango la Enkapune ya Muto, kwenye mtelemko wa Mau upande wa Naivasha, wataalamu walichimbua shanga za maganda ya mayai ya mbuni ambazo umri wake ni kama miaka 40,000. Karibu nasi zaidi, katika pango la mto Njoro, Louis Leakey na mkewe Mary walichimba mwaka 1938 wakakuta shanga za mawe zilizozikwa pamoja na wafu, kama miaka 3,000 iliyopita. Kutoboa jiwe gumu bila chombo cha chuma ni kazi ya siku nyingi. Watu wale hawakuidharau, hata wakawazika wapenzi wao nayo.

Kisha zikaja shanga za kioo, nyingi zikitoka Venice huko Italia, zikapita Unguja, zikaletwa bara na misafara. Kwa shanga hizo wasafiri walinunua chakula na pembe za ndovu. Mzungu mmoja, Joseph Thomson, alipita nchi hii mwaka 1883. Alipofika Taveta aliambiwa ya kwamba Wamasai hawapokei shanga zilizo ovyo. Ni lazima ziwe zimetungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Basi wapagazi wake walikaa chini wakazitunga. Tazameni jambo hili vizuri. Shanga zilikuwa zile zile, lakini kabla ya mikono ya mfanyakazi kuzigusa hazikuwa na bei. Ni kazi ya mikono iliyozitia thamani. Hilo ndilo neno nililokuja kuwaambia leo. Mengine yote yatoka humo.

HESABU YA MKUFU MMOJA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukueni kalamu tuandike pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe tia zako.

Mkufu mmoja: shanga Sh. 120/-, uzi Sh. 15/-, kifungio Sh. 20/-, karatasi ya kufungia Sh. 5/-. Jumla Sh. 160/-. Weka Sh. 30/- za nauli na ushuru wa mahali pa kuuzia. Sasa ni Sh. 190/-. Mkufu huo nautunga kwa saa nne.

Mwaka ule wa kwanza niliuuza kwa Sh. 350/-. Nauli na ushuru sikuvihesabu, nikaenda nyumbani nikiimba, nikisema nimepata faida ya Sh. 190/-. Lakini ukiondoa gharama zote zabaki Sh. 160/- tu. Gawanya kwa saa nne. Nimejilipa Sh. 40/- kwa saa.

Sasa tuseme kazi ya mchana hulipwa Sh. 80/- kwa saa. Chukua mshahara wako wa mwezi, ugawanye kwa saa unazofanya kazi mwezi huo, nawe utapata kiasi chako. Saa nne kwa Sh. 80/- ni Sh. 320/-. Ongeza gharama za Sh. 190/-. Mkufu ule ulipaswa kuuzwa Sh. 510/-. Na hiyo ni bei ya saa za kawaida. Amri ya Jumla ya Mishahara imeweka wiki ya kazi kuwa saa 52 kwa siku sita, na ovataimu kulipwa mara moja na nusu. Mwenye kutunga shanga baada ya kutoka kazini, je, hiyo si ovataimu?

Msimu ule niliuza mikufu 60. Nilipokea Sh. 21,000/-, nikaona nimekuwa tajiri. Baada ya gharama zilibaki Sh. 9,600/- kwa saa 240 za usiku. Saa 240 ni zaidi ya wiki nne na nusu za kazi kamili. Yaani nilifanya kazi ya mwezi mzima na zaidi kwa nusu mshahara, na macho yakaniuma mpaka Machi. Angenifanyia hivyo mwajiri, ningekuja kwa Katibu siku ile ile.

Mtu ataniuliza, "Na kama watu hawataki kununua kwa Sh. 510/-?" Ni swali la haki. Jawabu ni kwamba usikubali nusu mshahara. Badili kitu unachotengeneza. Herini ndogo hunichukua nusu saa. Shanga Sh. 25/-, kulabu Sh. 10/-, karatasi Sh. 5/-, nauli na ushuru Sh. 10/-, jumla Sh. 50/-. Huuzwa Sh. 150/- bila maneno mengi, kwa sababu mtu anayewanunulia dada watatu zawadi hana uwezo wa kununua mikufu mitatu. Zabaki Sh. 100/- kwa nusu saa, sawa na Sh. 200/- kwa saa. Basi sasa mikufu yangu ni michache, ya kuagizwa tu, na mnunuzi hutoa arbuni ya nusu kabla sijagusa uzi. Arbuni si ukali. Hata vyama vya biashara ya haki duniani vimeweka kanuni ya kwamba mnunuzi wa kazi za mikono atoe nusu ya malipo mbele akiombwa.

MSIMU UNA SIKU ZAKE

Jambo la pili ni wakati. Wengine huanza kutunga shanga Disemba inapoingia. Wamechelewa. Kazi ya Disemba hufanywa mwezi wa Nane na wa Tisa, kidogo kidogo, saa moja kwa jioni, siyo kukesha wiki ya mwisho na kuharibu kazi ya mchana.

Wanunuzi wetu ni wa namna nyingi. Wako wenyeji wa hapa mjini wanaotafuta zawadi. Wako wageni wa hoteli wanaokwenda kutazama Ziwa Nakuru na Menengai. Na wako wasafiri wanaotoka Nairobi kwenda kwao magharibi, wanaopita Nakuru kwa barabara kuu siku chache kabla ya Krismasi. Msafiri hana saa ya kuchagua. Huyo mpe vitu vidogo, vimefungwa tayari, bei imeandikwa. Mfungie kwa karatasi au kitambaa, kwa maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Akilipa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe. Usisomewe ujumbe ulio katika simu yake.

Krismasi ikipita, bidhaa iliyobaki ni pesa iliyolala. Usinunue shanga nyingi tarehe 20 kwa kuwa biashara imekupendeza tarehe 19.

DENI LA JANUARI

Jambo la tatu lauma, lakini nitalisema. Mteja wetu mkubwa ni mfanyakazi mwenzetu, naye husema, "Dada, andika, nitalipa mwisho wa mwezi." Nyote mwajua ya kwamba mshahara wa Disemba mara nyingi hulipwa mapema, kabla ya Krismasi. Kwa hiyo kutoka mshahara ule hadi wa Januari ni kama siku 40, na katikati kuna karo, sare na vitabu. Ukimkopesha tarehe 23 Disemba, umemkopesha mtu mwenye mzigo kuliko wote wa mwaka mzima. Atakukimbia, nawe utakuwa umepoteza pesa na rafiki. Mwambie kwa upole: aweke kidogo kidogo tangu Oktoba, na mkufu wake utamngoja.

Kuna na mali kauli. Mwaka wangu wa pili niliacha mikufu 40 katika duka moja kwa maneno matupu, nikaahidiwa kulipwa ikiuzwa. Januari nilirudishiwa 12, mingine imekatika, na ile 28 hakuna aliyejua ilikokwenda. Sikuwa na karatasi hata moja. Mimi, niliyekuwa nikiwaambia wenzangu kila mkutano wasikubali kuajiriwa bila barua! Basi ukiacha mali kwa mtu, andikeni idadi, bei, siku ya kulipa, na ni nani atakayebeba hasara ikivunjika. Mtie sahihi wote wawili.

VITU VYA KUEPUKA

Msitie katika kazi zenu kitu cha mnyama wa porini: nywele za ndovu, pembe zake, ukucha wa simba, ngamba wa baharini, hata nyoya la ndege heroe lililookotwa kando ya ziwa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na biashara ya vitu vya wanyama hao mwaka 1978. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaongeza adhabu kuwa kali sana. Pembe na mfupa wa ng'ombe hung'aa vizuri ukiusugua, na shaba ya mifereji kuukuu hutoa bangili nzuri. Kadhalika, ulizeni mapema ofisi ya kaunti mahali panaporuhusiwa kuuzia na ushuru wake. Meza iliyobebwa na askari wa kanjo mkesha wa Krismasi hairudi kabla ya Krismasi.

CHAMA NA SHANGA

Sasa nakuja kwenye jambo la chama. Mwaka jana tulisimama wanawake sita mbele ya lango moja, mizigo yetu inafanana. Mgeni akauliza bei. Wa kwanza akasema 400, wa pili akamrukia, "Mimi 350," wa tatu 300, mpaka mkufu ukashuka 200. Mgeni hakusema neno. Alisimama tu kama mtu aliye mnadani. Hakutupunja yeye. Tulipunjana sisi. Katika mgomo, anayeingia kazini kwa mlango wa nyuma twamwita msaliti. Je, yule anayemkatia mwenzake bei langoni twamwitaje?

Tusidhani kazi hii haiwezi kulisha watu kwa heshima. Karakana za Bombolulu kule Mombasa zilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na mapambo yao yakauzwa mpaka ng'ambo. Kazuri ya Karen, Nairobi, ilianza mwaka 1975 na wanawake wawili wakifinyanga shanga za udongo, ikafika kuajiri mamia. Hawakufika huko kwa kukimbizana langoni, kila mtu na kikapu chake.

Lakini nawaonya. Yuko mwajiri atakayesema, "Wafanyakazi wangu wana biashara zao, hawana haja ya nyongeza." Ndugu zangu, msimruhusu aseme hivyo hata mara moja. Hatutungi shanga usiku kwa kuwa mshahara watosha; twatunga kwa kuwa hautoshi. Shanga ni zetu, na madai yetu ni yale yale. Wala msiuze saa za kazi, mkampa sababu ya kuwaandikia barua. Na mwenye zamu ya Krismasi aulize kwanza malipo yake kabla ya kuikimbia kwenda sokoni, maana ovataimu ya siku ya sikukuu, kwa Amri ile ile, ni mara mbili. Huenda zamu hiyo ikampa zaidi ya kikapu.

Basi nataka mkutano huu uamue mambo matatu. Kwanza, kila mwenye kuuza awe na daftari, na saa zake ziandikwe ndani yake kama vile anavyoandika uzi na shanga. Pili, tupatane bei ya chini kwa kila kitu, na asiwepo atakayeshuka chini yake langoni. Tatu, tununue shanga pamoja kwa jumla mwezi wa Saba, kila mtu akitoa alichonacho, risiti ikae kwa Mweka Hazina.

Chanda chema huvikwa pete. Lakini chanda kilichoitengeneza pete hiyo, nacho kina haki ya kula.

Umoja ni nguvu.