Muuguzi ni Nani, na Alisomea Nini?

  Kama unachuma majani chai kule Imenti, au unapanga ndizi sokoni Nkubu, au umekaa chini ya mti kule Mbeere, sogea karibu na redio tuzungumze. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni kwenu vijijini.

Mara nyingi huwa tunazungumza juu ya ugonjwa mmoja: malaria, kuhara, au nimonia. Leo ninataka tuzungumze juu ya mtu unayekutana naye kila unapopeleka mtoto kliniki. Wengine humwita nesi, wengine sista, na wengine humwita daktari. Huyu ni nani? Alisomea nini? Na wewe mama una sehemu gani katika kazi yake?

Ninauliza kwa sababu nzito. Mama anayedhani kwamba muuguzi ni mtu wa kudunga sindano tu, hukaa kimya kwenye benchi huku mtoto anazidiwa. Na mama asiyejua kumtambua muuguzi wa kweli, anaweza kumkabidhi mtoto wake mtu ambaye hakusomea chochote.

UUGUZI ULIANZIA NYUMBANI

Kabla ya hospitali kufika Meru na Embu, wagonjwa walikuwa wakitunzwa. Nani aliwatunza? Ni akina mama na nyanya. Mama akijifungua, kuna aliyempikia uji wa wimbi, aliyemwoshea mtoto, na aliyekesha naye usiku. Hiyo ilikuwa kazi ya uuguzi, ingawa hakuna aliyeisomea darasani.

Hata Ulaya ilikuwa hivyo. Kisha alitokea mwanamke Mwingereza aliyeitwa Florence Nightingale, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820. Mwaka 1854 alipelekwa na wanawake wenzake 38 kuwauguza wanajeshi wa vita vya Crimea, katika hospitali iliyokuwa nchi ya Uturuki. Alikuta jambo la kushangaza. Wanajeshi wengi waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi ya uchafu: kuhara, kipindupindu na homa. Mitaro ya maji machafu ilipozibuliwa, hewa safi ikaingia, na wagonjwa wakapata chakula safi na nguo safi, vifo vilipungua sana. Yeye aliandika hesabu ya vifo hivyo, akaitumia kuwafungua macho wakubwa wa serikali.

Mwaka 1860 alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Ndiyo maana hadi leo tarehe 12 Mei ni Siku ya Wauguzi Duniani. Lakini kuna jambo moja ningependa ulikumbuke, mama. Kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotolewa mwaka 1859, hakikuandikwa kwa ajili ya wauguzi wa hospitali. Aliwaandikia wanawake wa kawaida wanaotunza wagonjwa nyumbani. Alikuwa anazungumza na mtu kama wewe.

UUGUZI WA SHULE ULIVYOFIKA KWETU

Huku kwetu mafunzo yaliletwa zaidi na misheni. Chogoria, ambayo siku hizi iko Tharaka Nithi lakini zamani ilikuwa Wilaya ya Meru, ilianzishwa mwaka 1922 na Daktari Clive Irvine wa misheni ya Scotland. Hospitali ya Wamethodisti ya Maua ilianza mwaka 1928. Wakatoliki nao, kupitia wamisionari wa Consolata, walijenga hospitali za Nkubu upande wa Meru na Kyeni upande wa Embu. Serikali ilikuwa imeanza mafunzo yake Nairobi mwaka 1927, na hayo ndiyo yaliyokuja kuwa chuo tunachokiita KMTC. Leo chuo hicho kina matawi Meru na Embu pia.

Katika miaka ile ya mwanzo, waliofundishwa kwanza katika hospitali nyingi za misheni nchini walikuwa vijana wa kiume. Waliitwa madresa, kwa sababu kazi yao kubwa ilikuwa kufunga vidonda. Wazazi wengi hawakutaka binti zao wakae mbali na nyumbani. Pole pole wasichana walikubaliwa, hasa kwa kazi ya ukunga, na leo wauguzi wengi ni wanawake. Hata hivyo, ukimkuta kijana wa kiume katika chumba cha kujifungulia usishtuke. Amesomea ukunga kama sisi wengine.

Na hili jina la "sista" lilitoka wapi? Lilitoka kwa watawa waliouguza wagonjwa, na pia kwa Waingereza, ambao walimwita hivyo mkubwa wa wodi. Mmoja wa watawa hao ni Sista Irene Stefani, aliyefika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hata kule Kilwa na Lindi. Baadaye aliishi Gikondi, Nyeri, ambako watu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri pale Nyeri.

MUUGUZI ANASOMEA NINI?

Siku hizi muuguzi wa diploma husoma miaka mitatu hivi, na wa digrii miaka minne. Anasoma jinsi mwili unavyofanya kazi, dawa, ukunga, magonjwa ya akili, na afya ya jamii. Baadaye hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Akipita, anasajiliwa na kupewa leseni. Hii ni sheria ya nchi, Sura ya 257.

Zamani wauguzi wengi walikuwa wa cheti. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi walianza mpango wa kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa cheti wapatao 22,000, wapate diploma bila kuacha kazi. Kwa hiyo ukimwona muuguzi wako amebeba vitabu baada ya zamu, usimcheke. Kazi hii haiishi kusomwa.

Pamoja na hayo, muuguzi husoma nadharia. Nadharia ni mawazo yanayoeleza kwa nini tunafanya kazi hii na tunaifanyaje. Nitawaeleza mbili tu.

Ya kwanza ni ya Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani. Alifundisha kwamba muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo mgonjwa angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia, au ujuzi. Na humsaidia kwa njia ambayo itamfanya ajitegemee tena mapema. Alitaja mahitaji 14 ya binadamu. Kupumua, kula, kwenda haja, kulala na kuwa safi yamo. Lakini pia alitaja kuzungumza na wenzako, kuabudu, kucheza, na kujifunza. Mtu si kidonda tu.

Ya pili ni ya Dorothea Orem, pia wa Marekani, aliyotoa katika kitabu mwaka 1971. Yeye alisema kila mtu ana kazi ya kujitunza, na yule asiyeweza kujitunza, kama mtoto mchanga, hutunzwa na mtu wake wa karibu. Muuguzi huingia pale ambapo nguvu au ujuzi wa mtu huyo umepungua. Sikiliza vizuri hapo, mama. Katika mafunzo yetu, wewe ndiye mtunzaji wa kwanza wa mtoto. Mimi ninaongezea.

UUGUZI UNAPOTOKA HOSPITALINI

Chogoria ni mfano mzuri wa jambo hili. Hospitali hiyo haikungoja watu waje. Ilifungua kliniki ndogo vijijini zenye wauguzi, na watu wa kujitolea wakaenda nyumba kwa nyumba kufundisha juu ya chanjo, usafi na upangaji uzazi. Utafiti wa mwaka 1985 ulionyesha kwamba wake 43 kati ya 100 katika eneo hilo walikuwa wanatumia njia ya kupanga uzazi, wakati katika nchi nzima walikuwa karibu 17 kati ya 100. Ni kwa sababu wanawake walielezewa, wakauliza, wakajibiwa karibu na nyumbani. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaokutembelea leo wanafuata njia hiyo hiyo.

HATUA TANO ZA MUUGUZI, NA ZAKO PIA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Muuguzi hufuata hatua tano: kuchunguza, kutambua tatizo, kupanga, kutenda, na kupima matokeo. Tuseme mtoto wako wa miezi minane ana kikohozi na homa. Tufanye hatua hizo pamoja.

Kwanza, chunguza. Ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au haamki vizuri? Akiwa ametulia, bila kulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa. Mtoto chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, huo ni upesi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Tazama pia kama chini ya mbavu panaingia ndani anapovuta pumzi.

Pili, tambua tatizo. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Inatosha kusema, "Mtoto wangu anapumua mara 56 kwa dakika na tangu asubuhi amekataa kunyonya."

Tatu, panga. Dalili kama hizo zinataka hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Nani atabaki na wale wengine? Nauli ya bodaboda iko wapi? Mpango huu ufanywe na baba na majirani kabla mtoto hajaugua.

Nne, tenda. Mfunike asipate baridi, endelea kumnyonyesha njiani kama anaweza, na ubebe kijitabu chake cha kliniki. Ukifika, usikae mwisho wa foleni ukingoja zamu. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi umwambie yale uliyoona. Mtoto mwenye dalili za hatari huhudumiwa kwanza.

Tano, pima matokeo. Ukipewa dawa, uliza: Nitajuaje kwamba anapona? Nirudi lini? Dalili gani ikinitokea nirudi kabla ya siku hiyo? Ukiwa na majibu ya maswali hayo matatu, unaweza kwenda nyumbani.

Mama mmoja wa Runyenjes anaweza kufanya hatua hizi bila kifaa chochote ila saa ya simu. Na yale anayoleta kliniki hunisaidia kuliko anaposema tu, "Mtoto ni mgonjwa." Mimi nitamwona mtoto kwa dakika chache. Yeye amekuwa naye usiku kucha.

MTAMBUE MUUGUZI WA KWELI

Kuna watu wanaofungua vyumba nyuma ya maduka, wanavaa koti jeupe na kudunga watu sindano. Koti hununuliwa sokoni. Leseni hutolewa na Baraza. Una haki ya kumwuliza anayekuhudumia jina lake na namba yake ya usajili. Muuguzi wa kweli hatakasirika. Na kituo chenyewe kiwe na leseni iliyobandikwa ukutani.

Ninajua pia malalamiko yenu kwamba wauguzi wengine wana maneno makali, hasa kwa mama anayejifungua. Wakati mwingine muuguzi ni mmoja, na kina mama ni wengi. Hiyo inaeleza uchovu, lakini haihalalishi matusi. Hakuna tuliposomea kumtukana mgonjwa. Ukitendewa vibaya, mwone msimamizi wa kituo au kamati ya kituo, au uandikie Baraza la Wauguzi. Na Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya bora, na kwamba hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.

Mwisho, wazazi: kama una binti au kijana anayependa kazi hii, mhimize katika Biolojia, Kemia, Hesabu na lugha. Hata Kiswahili kinahesabiwa. Kisha waulize chuo kilicho karibu masharti yake, na uhakikishe kwamba chuo hicho kimekubaliwa na Baraza kabla ya kulipa hata shilingi moja ya karo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mama ndiye mtunzaji wa kwanza. Muuguzi huongezea nguvu na ujuzi.
2. Hesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, na useme uliyoyaona.
3. Mtoto mwenye dalili za hatari hangojei foleni.
4. Usiondoke kliniki bila kuuliza yale maswali matatu.
5. Uliza namba ya usajili. Koti jeupe halitoshi.

MASWALI YA KIKUNDI

Je, katika kijiji chetu, mtoto akizidiwa usiku tunampeleka wapi, na kwa gari la nani? Ni nini hutufanya tuogope kumwuliza muuguzi maswali?

 Zungumzeni haya na jirani ambaye hana redio.