Mlango wa Shukrani Usiwe Mchango Mwingine
Hotuba kwa wazazi wa watoto wa chekechea, Kitale



Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Imeadhimishwa tangu 1994, kukumbuka mapendekezo ya kimataifa kuhusu hadhi ya mwalimu yaliyopitishwa mwaka 1966. Kwetu siku hiyo huangukia muhula wa tatu, na baadhi yenu mmependekeza kila darasa lipambe mlango wake kumshukuru mwalimu. Wazo hilo naliunga mkono kwa sharti moja: lisimgharimu mzazi hata shilingi.

Tunajua mambo haya huanzaje. Mzazi mmoja ananunua puto na karatasi za kumetameta, darasa la jirani halikubali kushindwa, na kabla ya wiki kwisha watoto wote wanatumwa nyumbani kuleta mia mbili. Yule ambaye mama yake anauza mboga na siku hiyo hakuuza, atasimama mbele ya mlango usio na jina lake. Mtoto wa miaka minne anaelewa hilo vizuri sana.

Basi tutumie tulicho nacho. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Choreni mhindi mmoja mkubwa mlangoni kwa chaki, kisha kila mtoto awe na jani lake, lililokatwa kwenye katoni au daftari lililokwisha. Maganda makavu ya mahindi yatapamba pembeni. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha kuwa gundi, na huoshwa kwa maji. Ndugu zetu wa Bungoma wanaweza kuchora muwa, kila mtoto na pingili yake.

Kwenye jani liwemo neno la mtoto mwenyewe. "Mwalimu bora" halimwambii mwalimu lolote. Mwulizeni mtoto: mwalimu alikufanyia nini? Atasema: alinifunga kamba za viatu, alinishika mkono nikaandika jina langu, alinifuta machozi nilipoanguka. Asiyejua kuandika achore, au mkubwa amwandikie bila kumrekebishia maneno.

Kuhusu usalama: mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango ya madarasa ifunguke kwa nje, na isikomewe watoto wakiwa ndani. Kwa hiyo msifunike kitasa wala bawaba, msipigilie misumari, wala msifunge mlango ili mapambo yasiharibike.

Siku ikipita, bandueni majani yote, yafungeni kwa uzi, mumkabidhi mwalimu ayahifadhi.

Na hapa niseme wazi. Katiba ya 2010 iliiweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Mshahara wa mwalimu wa chekechea na darasa lenye paa zima ni wajibu wetu sisi wa serikali ya kaunti, na mlango uliopambwa haulipi deni hilo. Mkitudai, mna haki. Lakini lipo neno ambalo hakuna ofisi inayoweza kumwambia mwalimu kwa niaba ya mtoto. Mpeni mtoto nafasi alitamke.