Mechi 30, Kichwa Kimoja

Vijana wa Kigoma na Ujiji, mnakumbuka 2023, Mashujaa ilipoitoa Mbeya City kwenye mtoano ikapanda Ligi Kuu? Msimu wa 2023/24 kila timu ilicheza mechi 30. Mtibwa Sugar na Geita Gold zikashuka daraja, Mashujaa ikabaki. Ilifungwa mechi kadhaa, lakini zilikuwepo nyingine.

Kichwa je? Hakina mechi ya marudiano! Ukigongwa ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu au ukasahau matokeo, toka nje. Siku hiyo usirudi uwanjani, hata wakikuambia "jikaze!" Ukigongwa tena kabla hujapona, ubongo unaweza kuvimba, ukafa. Mwenzako akitapika au akizimia, mpelekeni hospitali haraka.

Kumtoa rafiki uwanjani siyo uoga. Unamlinda acheze msimu ujao!