NDEGE ILIYOSIMAMA HAIJAUA MTU

(Maneno yaliyosemwa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya baraza la vijana, Ngamiani, Tanga)

 

Mimi si rubani wala injinia. Nimeishia kidato cha nne. Lakini sisi wa Ngamiani tumekulia juu ya baiskeli, na baiskeli imetufundisha mambo mawili: chuma huchoka, na fundi hukosea. Kovu hili gotini nililipata siku fundi mmoja aliposahau kukaza nati ya breki. Mimi nilichubuka tu. Kwenye ndege mambo ni mengine.

Tuanze na chuma. Chukua waya, upinde huku na huku. Mara ya tano haujakatika. Mara ya ishirini unakatika, wala hukuongeza nguvu. Ndani ya injini ni vivyo hivyo: kila safari huongeza ufa ulioanza mwembamba kuliko unywele.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United ilianguka Sioux City, Marekani. Sahani ya feni katika injini ya mkiani ilipasuka angani, vipande vikakata mabomba ya haidroliki. Watu 112 wakafa. Sahani ile ilikwishakaguliwa kwa dawa inayopenya ndani ya ufa na kung'aa chini ya taa maalumu. Wachunguzi walisema ufa ulikuwapo siku ya ukaguzi. Jicho halikuuona.

Sasa mkono wa fundi. Huu ni msiba wetu wenyewe. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways, shirika letu sisi pamoja na Kenya na Uganda, ilikuwa mbioni kuruka kutoka Addis Ababa. Tairi la mbele likakanyaga chuma kilichodondoka kutoka ndege ndogo, likapasuka. Rubani akaacha kuruka, akafunga breki kama inavyotakiwa. Ndege haikusimama. Uchunguzi ukaonyesha kuwa sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishiwa visivyo. Kati ya watu 107, walikufa 43.

Ndiyo maana kwenye sehemu nyeti za ndege fundi hajikagui mwenyewe. Huja jicho la pili, na kila mmoja hutia sahihi yake. Injini huchunguzwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa ndani bila kuifumua; vyuma vingine hupimwa kwa mawimbi ya sauti.

Mwaka 2022 ATCL ilitangaza kuwa baadhi ya Airbus A220 zake zimesimama kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney. Vijiweni tulicheka. Nami nilicheka. Leo nasema tulikosea. Ndege iliyosimama chini ikisubiri injini inatula fedha, lakini haijaua mtu. Inayoua ni ile inayoruka kwa sababu kigogo fulani ana haraka na fundi anaogopa kusema hapana.

Kwa hiyo tusidai ndege ziruke tu ili roho zetu zifurahi. Fedha ni zetu na roho ni zetu. Tudai taarifa za ukaguzi ziwekwe wazi, na fundi anayeizuia ndege asifukuzwe kazi. Na kila mkubwa akisema "kila kitu kiko sawa", tumuulize kwa adabu: Nani alikagua? Sahihi yake iko wapi?