Mwalimu wa Ufundi ni Nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili, Goweko, Tabora

Tumeombwa tueleze kwa nini ile fomu ya kulinganisha walimu wetu wa ufundi na wa nchi nyingine imechelewa kurudi.

Fomu inauliza mwalimu amesomea ualimu miaka mingapi. Swali jepesi, lakini lilitushinda. Kwenye karakana yetu ya useremala anafundisha mzee aliyejifunza kazi kwa fundi mjini Tabora, kisha akafanya majaribio ya ufundi hadi daraja la I. Ualimu hajausomea hata siku moja. Tukiandika sifuri, mtadhani vijana wamekabidhiwa mtu asiyejua kitu. Tukiandika miaka yote aliyoshika randa, tutakuwa tumedanganya.

Tukaangalia wenzetu wanafanyaje. Ujerumani, kijana hufundishwa na watu wawili. Shuleni yupo mwalimu aliyesoma chuo kikuu hadi shahada ya uzamili, akaongeza mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwenye karakana ya kampuni yupo fundi aliyefuzu kazi yake na kupimwa namna ya kulea wanagenzi. Je, mzee wetu tumlinganishe na yupi? Yeye hufanya kazi za wote wawili, na jioni ndiye anayefunga stoo. Fomu ina nafasi ya mtu mmoja tu, na aliyeiandika bila shaka alimfikiria yule wa chuo kikuu.

Kwa majirani kuna unafuu. Chuo cha walimu wa ufundi cha Gigiri, Nairobi, huchukua watu wenye fani zao na kuwaongezea ualimu. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina chuo cha ualimu Morogoro kinachofanya vivyo hivyo. Hapo unaweza kulinganisha.

Hata hivyo majina yanapotosha. Miaka ya 1960 makanisa ya Kenya yalianzisha politekniki za vijiji kwa vijana waliomaliza shule ya msingi. Uingereza, politekniki zilikuwa vyuo vya juu, na mwaka 1992 zikageuzwa vyuo vikuu. Mtu akiandika kwamba amefundisha politekniki, yule anayesoma fomu London ataelewa nini?

Basi tumekata ile nafasi kwa kalamu na kuchora mbili: miaka ya kazi, na miezi ya ualimu. Ya pili kwa mzee wetu bado ni tupu. Yeye mwenyewe amekubali kwenda Morogoro, ingawa alicheka kwanza. Tunaomba wafadhili wasaidie ada na nauli. Kamati nazo tunaziomba ziamue leo, kabla hatujatawanyika, nani atakaa na vijana karakanani akiwa hayupo.